Mgongo wa Amplifaya ya Gitaa

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho watu wengi hukiona na wachache hukitazama, nacho ni upande wa nyuma wa amplifaya, yaani ile mashine ikuzayo sauti ya gitaa la umeme. Upande wake wa mbele wajulikana na kila mtu. Huko ndiko kwenye vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti, na jina la watengenezaji limeandikwa kwa herufi za kung'aa, hata mtoto mdogo akipita hutamani kuzungusha kifundo kimojawapo. Lakini upande wa nyuma hugeuziwa ukutani, gizani, penye vumbi. Na huko ndiko umeme unakoingia, na huko ndiko nguvu ya sauti inakotokea kwenda katika spika. Mtu akikosea mbele, sauti yake huwa mbaya, naye huisikia mara moja akaitengeneza. Akikosea nyuma, huenda akaunguza mashine nzima, au akapoteza maisha yake.

Miaka kadha iliyopita tulialikwa kulisikiliza kundi la vijana wa kijiji kimoja. Vijana hao walikuwa wamefanya kibarua misimu miwili ya mavuno, wakachanga fedha zao, wakanunua amplifaya kuukuu ya namna ile ambayo mashine ni mbali na sanduku la spika ni mbali, navyo huunganishwa kwa waya. Jua lilikuwa linakuchwa, watu wamekwisha kukaa, na mmoja wao katika haraka yake akaushika waya wa spika, akaupapasa mgongo wa mashine kwa kidole, akaona tundu, akachomeka. Tundu likakubali. Alipopiga nyuzi haikutoka sauti, ila mlio mdogo kama wa nzi ndani ya chupa. Akaongeza sauti, mlio ule ule. Akaongeza mpaka mwisho, akapiga kwa nguvu zake zote. Haikupita robo saa tukasikia harufu ya kitu kiunguacho, na taa ya mbele ikazimika. Alikuwa amechomeka waya katika tundu lisilo lake. Jasho la misimu miwili likaenda na moshi kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Asilaumiwe sana kijana yule. Matundu ya nyuma ya amplifaya, yawe manne au manane, mara nyingi yote ni ya kipimo kimoja, nayo yote hupokea plagi ile ile nene kama kidole cha mwisho cha mtoto. Tundu la spika, tundu la kupelekea sauti katika mashine nyingine, tundu la kuirudishia, tundu la swichi ya mguu, yote yafanana kama mapacha. Yanatofautishwa na maandishi tu, na maandishi yenyewe ni madogo, tena ni ya Kiingereza. Kwa hiyo twaomba kila mwenye mashine ya namna hii aigeuze mchana, na taa mkononi, ayasome maandishi yale kabla ya siku ya kazi, na yale asiyoyafahamu amwulize mtu ayafahamuye.

Mashine hizi zimeenea duniani zikitoka hasa Marekani na Uingereza. Huko Fullerton, katika California, fundi wa redio aitwaye Leo Fender alianza kuzitengeneza katika miaka ya 1940. Na huko Hanwell, upande wa magharibi wa London, Jim Marshall, mwalimu wa kupiga ngoma za bendi na mwenye duka la vyombo vya muziki, alianza kuuza zake mwaka wa 1962, akiwa amefuata sana mfano wa mashine moja ya Fender. Twawataja hao wawili kwa sababu migongo ya mashine zao imeigwa na wengi, na mtu aufahamuye mgongo wa moja hatapotea sana katika nyingine. Kwetu Afrika ya Mashariki bendi za dansi na kwaya za makanisa hununua mara nyingi mashine zilizokwisha kutumiwa kwingine, nazo huja na desturi za umeme za kwao. Hapo ndipo penye shida ya kwanza.

Karibu na pale waya wa umeme unapoingia pameandikwa nambari. Mashine ya Marekani huandikwa volti 120 na mawimbi 60 kwa sekunde. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, na wa Kenya na Uganda ni wa volti 240, nao una mawimbi 50. Mashine ya volti 120 ikiunganishwa na umeme wetu moja kwa moja hupokea maradufu ya riziki yake, nayo huharibika katika nukta chache. Ikiwa bahati ni njema, fyuzi hukatika kwanza. Mashine hiyo yataka transfoma ya kupunguza umeme, ikae kati yake na soketi, nayo iwe na wati nyingi kuliko zile zilizoandikwa mgongoni mwa amplifaya. Mashine nyingine, hasa za Uingereza za zamani, zina kichaguo cha volti huko huko nyuma. Kabla ya kukigusa kichaguo hicho chomoa waya wa umeme, na baada ya kukigeuza itazame fyuzi.

Wanafunzi wanaotusikiliza watafahamu upesi kwa nini fyuzi itazamwe. Chukua mashine itumiayo wati 240. Katika umeme wa volti 120 hupita ampea 2. Katika umeme wa volti 240 hupita ampea 1 tu. Basi fyuzi iliyofaa huko Marekani ni kubwa mno huku, haitakatika kwa wakati, na kazi ya fyuzi ni kukatika. Nambari yake imeandikwa kando ya tundu lake. Katika fyuzi nyingi utaona pia herufi T, ambayo maana yake ni kwamba fyuzi hiyo huvumilia kidogo ule umeme mwingi unaoingia mara mashine inapowashwa. Nyingine zina herufi F, nazo hukatika mara moja. Weka ile iliyotajwa. Tumekwisha kuona kwa macho yetu fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya sigara, na mahali pengine kipande cha msumari. Mtu afanyaye hivyo hajaitengeneza fyuzi; ameamua kwamba safari ijayo kitakachoungua si uzi wa senti chache, bali transfoma. Tena fyuzi ikikatika, ikawekwa nyingine ya kipimo kile kile nayo ikakatika, mashine inasema kwamba ni mgonjwa. Ipeleke kwa fundi.

Sasa twaja kwenye plagi ya umeme. Ndani ya waya mna nyaya tatu, na rangi zake hazikubaliani dunia nzima. Katika desturi mpya, ambayo ndiyo itumikayo sasa kwetu, waya wa kahawia ndio wenye umeme, wa buluu ndio wa kurudi, na ule wa kijani na manjano ni wa ardhi. Katika desturi ya zamani ya Kiingereza, mwekundu ulikuwa na umeme na mweusi ulikuwa wa kurudi. Lakini katika waya wa Marekani, mweusi ndio wenye umeme, mweupe ni wa kurudi, na wa kijani ni wa ardhi. Tazameni hatari hiyo: mtu aliyejifunza kazi yake katika nyumba za zamani ameshika moyoni kwamba mweusi si waya mkali, kumbe katika waya wa Marekani ndio wenyewe. Asiyejua asibahatishe, kwa kuwa kubadilisha plagi ni kazi ya nusu saa kwa fundi wa umeme, na fedha yake ni kidogo.

Katika nyaya hizo tatu, ule wa ardhi ndio udharauliwao kupita wote, kwa sababu ukiondolewa mashine huendelea kulia kama kawaida. Na mara nyingine hulia vizuri zaidi! Bendi nyingi, zikisikia mvumo mnene katika spika, huukata waya ule au huuvunja ule mguu wa tatu wa plagi, na mvumo ukanyamaza, na kila mtu akafurahi. Sikilizeni basi maana ya waya huo.

Bati la mashine, yaani lile sanduku la chuma lililomo ndani, limeunganishwa na ule wavu wa nyaya uzungukao waya wa gitaa, na wavu huo umeunganishwa na nyuzi za gitaa zenyewe. Kwa hiyo mpigaji akizishika nyuzi zake ni kana kwamba amelishika bati. Siku waya wenye umeme ukilegea ndani ya mashine na kuligusa bati, ikiwa waya wa ardhi upo, umeme wote hukimbilia ardhini kwa wingi, fyuzi hukatika, na mpigaji hajui hata kilichotokea. Ikiwa haupo, bati hukaa na volti 230 likingoja njia, na nyuzi nazo hungoja pamoja nalo. Mpigaji amevaa viatu vikavu, amesimama juu ya mbao, haoni kitu. Kisha anakaribia maikrofoni ili aimbe, na maikrofoni imeunganishwa na mashine nyingine yenye waya wa ardhi ulio mzima. Mdomo wake ukigusa, njia imepatikana: mkononi, kifuani, mdomoni. Na kifuani ndimo ulimo moyo.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mwaka wa 1965, mpigaji gitaa wa Rolling Stones, Keith Richards, aligusisha gitaa lake na mlingoti wa maikrofoni mjini Sacramento katika Marekani, akaanguka amezimia, naye akapona. Mwaka wa 1972 Leslie Harvey, mpigaji gitaa wa kundi la Stone the Crows, alishika maikrofoni isiyounganishwa na ardhi mbele ya watu mjini Swansea, katika Wales, akafa. Mwaka wa 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa ambalo mashine yake haikuunganishwa na ardhi ipasavyo. Hao walikuwa watu wa kazi hii, katika nchi zenye mafundi wengi.

Mashine za Marekani za zamani, nyingi katika zile za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zilitengenezwa na nyaya mbili tu, bila ya ardhi. Nyuma yake utaona swichi ndogo iliyoandikwa ardhi kwa Kiingereza, nayo huwadanganya watu, maana haiunganishi kitu chochote na ardhi. Kazi yake ni kuhamisha kapasita moja kutoka waya mmoja wa umeme hadi wa pili ili mvumo upungue. Kapasita hiyo ikizeeka na kupasuka ndani, umeme huja moja kwa moja katika bati. Ndiyo maana mafundi wa huko wameiita kapasita ya mauti. Mtu akiwa na mashine kama hiyo, asiichomeke kwanza. Ampelekee fundi, amwombe aitoe kapasita hiyo na kuweka waya wa nyaya tatu, ule wa ardhi ufungwe kwa parafujo katika bati. Kuna wapenzi wa vitu vya kale ambao husikitika wakiona mashine ya zamani ikibadilishwa hivyo. Sisi hatusikitiki hata kidogo.

Na kabla ya kuimba, kipo kipimo kidogo ambacho kila kundi laweza kukifanya. Nunueni kipimo cha volti, kikiwa katika volti za umeme wa nyumbani. Ncha moja iguse nyuzi za gitaa, ncha ya pili iguse chuma cha maikrofoni, na mashine zote zikiwa zimewashwa. Kikionyesha karibu na sifuri, imbeni. Kikionyesha makumi ya volti au zaidi, msiguse vyote viwili pamoja mpaka sababu ijulikane. Tena yafaa amplifaya na mashine ya maikrofoni zichukue umeme katika soketi za mahali pamoja, zenye waya wa ardhi. Tumeona katika arusi za mashambani gitaa likitumia umeme wa jenereta na maikrofoni ikivutiwa waya kutoka nyumba ya jirani, na mvua ya rasharasha ikinyesha juu ya wote. Hapo ni afadhali ngoma za ngozi. Mwenye uwezo aweke pia ile swichi ijizimayo yenyewe umeme unapovuja. Iliyo ya kawaida hukata umeme ukivuja kiasi cha sehemu 30 katika elfu ya ampea moja, nayo hufanya hivyo kabla mtu hajapata kusema salaam.

Tukiisha kuunganisha umeme, tuje kwenye spika. Na hapa twawaomba wasikilizaji wavumilie hesabu kidogo.

Kila spika imeandikwa nambari ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wake: 4, au 8, au 16. Na nyuma ya amplifaya, penye tundu la spika, imeandikwa nambari ya omu inayotakiwa. Nambari hizo mbili zapasa kupatana. Mtu akiwa na sanduku moja la omu 8, na mashine ina tundu la omu 8, kazi imekwisha. Lakini akitaka masanduku mawili, hesabu ya kawaida hukataa, kwa maana masanduku mawili ya omu 8 yaliyochomekwa katika matundu mawili ya mashine hayafanyi 16, yafanya 4. Sababu yake ni nyepesi. Ukifungua mlango wa pili katika ukumbi, watu hutoka kwa urahisi zaidi, si kwa shida zaidi. Ukinzani umepungua nusu. Ndivyo ilivyo katika ile amplifaya ya Fender iitwayo Twin Reverb, iliyotokea mwaka wa 1963: ndani yake mna spika mbili za omu 8 kila moja, na mashine yake imetengenezwa kwa omu 4. Spika zikiwa hazilingani, zidisha nambari zao, kisha ugawanye kwa jumla yao. Omu 8 na omu 16: kuzidisha ni 128, jumla ni 24, na jibu ni 5 na theluthi moja.

Sasa amplifaya ni za tabia mbili. Za kwanza ni zile za valvu, yaani zenye taa za kioo zinazowaka wekundu ndani. Za pili ni za transista. Ile ya valvu ina transfoma ya pili, kubwa, iliyo kati ya valvu na spika, nayo yapenda mzigo wake ulio sawasawa. Usiiwashe ukapiga bila ya spika hata kidogo. Nguvu inayotoka katika valvu ikikosa spika ya kuipokea, hurudi ndani ya transfoma ile, volti zake hupanda sana, na zile nyaya nyembamba zilizozungushwa humo huchomwa. Hilo ndilo lililowapata vijana wetu. Waya wa spika ulikuwa katika tundu jingine, na tundu la spika lilikuwa tupu, na kila alipoongeza sauti alikuwa akiongeza moto. Mashine ya transista, kwa upande wake, haijali kukosa spika, ila yaogopa omu chache kuliko zilizoandikwa. Ukiiwekea 2 mahali pa 4, hulazimishwa kutoa umeme mwingi kupita uwezo wake, ikachemka.

Mashine nyingine za valvu zina kichaguo cha omu nyuma, kama zile za Marshall. Kigeuze mashine ikiwa imezimwa, si wakati wimbo unaendelea. Na katika mashine nyingi za Fender mna matundu mawili ya spika, moja la kwanza na moja la nyongeza. Ujue kwamba tundu la kwanza likiachwa tupu hujifunga lenyewe ndani, ili kuiponya transfoma; kwa hiyo mtu akichomeka spika yake katika tundu la nyongeza peke yake hapati sauti, akadhani mashine imekufa. Aanze na lile la kwanza.

Waya wa spika nao si waya wa gitaa, ijapokuwa plagi zake zafanana. Waya wa gitaa una uzi mmoja mwembamba katikati na wavu wa kuuzunguka, maana sauti ya gitaa ni dhaifu, nayo yataka kukingwa na mivumo ya nje. Waya wa spika una nyaya mbili nene zilizo sawa, maana hubeba nguvu. Ukitumia waya wa gitaa katika spika, ule uzi mwembamba hupata moto, na ukiyeyuka nyaya zikagusana, au ukikatika, mashine ya valvu huwa katika hatari ile ile tuliyokwisha kuitaja. Ukitumia waya wa spika katika gitaa, hufi wala huunguzi kitu, ila utasikia mvumo wa taa na wa kila pikipiki ipitayo. Vijana wale wa kijijini, mashine yao iliporudi kwa fundi baada ya miezi mitano ikiwa na transfoma mpya, walipaka rangi nyekundu kulizunguka tundu la spika, na plagi mbili za waya wa spika wakazipaka rangi ile ile. Tangu siku hiyo hata gizani wanaona.

Yamebaki matundu madogo, na hayo hayana hatari kubwa, ila yana faida. Mashine nyingi zina tundu la kupelekea na tundu la kurudishia. Ndani ya amplifaya sauti hupita hatua mbili: kwanza hutengenezwa ladha yake, kisha hupewa nguvu. Matundu haya mawili yapo katikati ya hatua hizo. Mwenye kifaa cha kutoa mwangwi hukichomeka hapo, sauti itoke, ipate mwangwi, irudi. Nayo husikika safi kuliko kifaa kile kikiwekwa mbele. Tena lipo jambo moja ambalo limewaokolea watu fedha nyingi. Katika tundu la kurudishia mna ulimi mdogo wa chuma, ambao ndio uipitishao sauti wakati matundu hayana kitu. Ulimi huo hushika vumbi na kutu, hasa pwani penye chumvi hewani, na sauti ya mashine ikaanza kupotea na kurudi. Kabla ya kwenda kwa fundi, chukua waya mfupi wa gitaa, uunganishe tundu la kupelekea na la kurudishia. Sauti ikirudi nzima, umeujua ugonjwa: ni ulimi ule tu, nao huponywa kwa kusafishwa. Na kama huna fedha ya kuusafisha, acha waya wako mfupi papo hapo, hata mwaka mzima.

Tundu la swichi ya mguu ni la swichi ya mguu peke yake. Kazi yake ni kuamrisha, halipitishi muziki. Na mashine za siku hizi nyingi zina tundu la duara lenye miguu mitatu, la kuipeleka sauti katika mashine kubwa ya ukumbi, na kando yake pana kitufe cha kuinua ardhi. Kitufe hicho ndicho dawa halali ya ule mvumo tuliousema, kwa kuwa huutenga waya wa ardhi ulio katika njia ya sauti tu, na ule wa plagi ya umeme hukaa mahali pake ukiwalinda watu. Mtu akijua hilo hana haja ya kuvunja mguu wa plagi.

Katika kuwasha, hakikisha kwanza kwamba spika imeunganishwa na sauti imeshushwa. Mashine za valvu huwa na swichi mbili, ya umeme na ya kungojea. Washa ya umeme, uache kama dakika moja valvu zipate joto, ndipo uwashe ya pili. Usiibandike mgongo wake ukutani wala usiitandike kanga juu yake, hata kama ni arusi na kila kitu kinapambwa. Joto la valvu hutafuta njia ya kutoka nyuma na juu, basi liachie nafasi ya shibiri moja. Na ukiihifadhi, ifunike ikiwa imepoa, maana panya na mende wapenda sana sanduku lenye giza na uvuguvugu, tena panya hula nyaya.

Jambo la mwisho ni hili. Maandishi ya nyuma husema usifungue, na mtu hudhani kwamba akichomoa waya wa umeme basi mashine imekuwa mbao na chuma tu. Sivyo. Ndani ya amplifaya ya valvu mna kapasita zenye kuweka umeme wa volti 400 na zaidi, nazo huweza kuushika baada ya mashine kuzimwa na waya kuchomolewa. Fundi ajua namna ya kuzitoa umeme huo kabla ya kutia mkono. Sisi wengine kazi yetu huishia penye parafujo. Kazi ikiisha, shusha sauti, zima ya kungojea, zima ya umeme, ishike plagi yenyewe wala si waya wake, uichomoe, kisha uache valvu zipoe kabla ya kuipakia garini, kwa kuwa valvu yenye moto haipendi kutikiswa.

Usiku mwema.